Njia ya miguu iliyogeuka soko

*Kisumu iliweka kabro ili watu watembee na kuendesha baiskeli kwa amani. Leo wachuuzi, pikipiki na baiskeli wanagombania mita zile zile, na hakuna anayejua nani ampishe nani.*

NA MWANDISHI WETU

SAA kumi na moja jioni jijini Kisumu. Jua limeelekea ziwani lakini bado linachoma. Kijana mmoja anakanyaga baiskeli ya Black Mamba akitokea upande wa soko la Jubilee. Nyuma amefunga kreti mbili za soda, moja juu ya nyingine, kwa mpira wa tyubu kuukuu.

Chini ya magurudumu yake kuna njia ya kabro, imenyooka na kuinuliwa juu ya lami. Anaendesha kama hatua ishirini tu. Mbele kuna turubai la buluu lenye mafungu ya nyanya, nne chini na moja juu. Anashuka, anasukuma.

Baada ya nyanya kuna viatu vya mitumba vilivyopangwa jozi kwa jozi hadi ukingoni. Baada ya viatu kuna beseni la omena, na gorogoro limesimikwa juu yake. Anapanda tena. Honi inalia kisogoni: ni boda wa pikipiki aliyepanda njia ya miguu kukwepa msongamano, na yeye ndiye anayetaka kupishwa.

Kijana anaona heri aiteremshe baiskeli kwenye lami, akaungane na matatu na tuktuk. Chupa zinagongana. Matatu moja inampita karibu kiasi cha kumpepea shati.

Njia ile ya kabro ilijengwa kwa ajili ya kijana huyu.

Mji wa tambarare

Kama kuna mji Kenya ulioumbiwa baiskeli, ni huu. Ukiondoa vilima vya Riat upande wa kaskazini, sehemu kubwa ya Kisumu imelala tambarare kando ya ziwa, na mtu anaweza kutoka Nyalenda hadi katikati ya mji bila kupanda mlima wa kumtoa pumzi. Adui ni joto na mvua ya ghafla ya alasiri.

Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1901, wakati huo pakiitwa Port Florence. Lakini kabla ya reli palikuwa na jina jingine, ambalo wengi hulihusisha na neno la Kijaluo la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali. Kwa maneno mengine, watu walikuja hapa kuuziana kabla hajafika mtu yeyote wa kupima barabara. Hilo tutalirudia mbele katika makala haya, maana ndiko ugomvi wa leo unakotoka.

Baiskeli nayo ina historia yake. Biashara ya boda ilianzia mpakani Busia miaka ya 1960, vijana wakibeba abiria na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imejaa Kisumu: Black Mamba yenye kiti cha sponji nyuma, kimeshonewa kitambaa cha rangi, na vishikio vya chuma kwa abiria mwoga. Sisi tuliokua enzi hizo tulijifunzia baiskeli za baba zetu kwa kupitisha mguu mmoja katikati ya fremu, kwa sababu kiti kilikuwa juu ya kimo chetu.

Kisha ikaja pikipiki. Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, bei ilishuka na abiria wakahama. Baiskeli haikufa, ila ilibadilisha kazi. Siku hizi inabeba mkate wa asubuhi, maziwa, madumu ya maji, magunia ya makaa, samaki kutoka ufuo wa Dunga. Mwenye baiskeli wa Kisumu ni mchukuzi aliye kazini, na yeyote anayemchorea njia akiwaza watu wa mazoezi ya Jumapili atakuwa amemchorea mtu mwingine kabisa.

Wageni wa Mei 2022

Mwaka 2020, serikali ya kaunti ilitoa mpango wa usafiri endelevu wa jiji, ulioandaliwa kwa ushirikiano na shirika la kimataifa la masuala ya usafiri, ITDP. Msingi wake ulikuwa rahisi: wakazi wengi hawana gari, basi barabara zianze na mtembea kwa miguu, afuate mwendesha baiskeli, kisha usafiri wa umma.

Mahali pa kuanzia palikuwa pembetatu ya katikati ya mji, inayozungukwa na barabara za Jomo Kenyatta, Oginga Odinga na Ang'awa. Humo mna benki, maduka, mnara wa saa uliojengwa mwaka 1938, na shughuli nyingi za mchana. Njia za miguu zilipanuliwa, vivuko vikachorwa, kabro zikalazwa. Sehemu ya fedha ilipitia KUSP, mpango wa miji unaofadhiliwa na Benki ya Dunia.

Kulikuwa pia na tarehe ya kukimbizana nayo. Kuanzia Mei 17 hadi 21, 2022, Kisumu ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa tisa wa Africities, ambao kwa mara ya kwanza ulipelekwa katika mji wa kadiri badala ya jiji kuu. Mada yenyewe ilihusu miji ya namna hii. Ungetarajia nini? Vibanda viliondolewa kando ya barabara, maua yakapandwa, rangi ikapakwa. Mji ulipendeza, na sitamsuta mtu kwa hilo. Hata nyumbani, mgeni akija tunafagia uani.

Tatizo ni kwamba mgeni alipoondoka, wenyeji walirudi kwenye shughuli zao, nazo zilikuwa hazijatengewa mahali. Mchoro ulionyesha mtu akitembea na mtu akiendesha baiskeli. Haukuonyesha mama anayeuza nyanya.

> "Mgeni alipoondoka, wenyeji walirudi kwenye shughuli zao, nazo zilikuwa hazijatengewa mahali."

Mnunuzi hapandi ngazi

Ukiwasikiliza maafisa wa miji kokote nchini, hoja yao ni moja: masoko yapo, wachuuzi waende huko. Kisumu imejenga masoko kweli, na Kibuye peke yake, hasa Jumapili, ni kati ya masoko makubwa ya wazi katika ukanda wa magharibi.

Lakini anayeuza mboga jioni hauzi kwa watu waliotoka nyumbani kwenda sokoni. Anauza kwa mtu aliyetoka kazini, anayeelekea steji, mwenye shilingi hamsini mfukoni na watoto wanaosubiri kula. Mtu huyo hatapanda ngazi hadi ghorofa ya pili ya soko kutafuta sukuma wiki. Atanunua mahali miguu yake inapopita. Njia nzuri ya miguu ni njia yenye watu wengi, na palipo na watu wengi pana wateja. Kadiri mhandisi anavyofaulu kuwaleta watembeaji, ndivyo anavyomwita mchuuzi. Hii ni hesabu tu, wala si ukaidi.

Kisha kuna ushuru. Kaunti zetu huwatoza wachuuzi ushuru wa siku, na mama mwenye risiti ya leo mkononi hakubali kirahisi kwamba yuko mahali asiporuhusiwa. Asubuhi anatozwa na ofisi ile ile ambayo jioni itamletea kanjo, yaani askari wa kaunti. Bidhaa zinapakiwa kwenye lori, nyanya zinapondeka, na kesho yake turubai la buluu limetandikwa tena pale pale, kwa sababu deni la nyanya za jana bado linadai.

Walio upande wa pili nao wana haki. Mtu wa kiti cha magurudumu akikuta njia imezibwa hana pa kushukia; ukingo wa kabro una kimo cha kumpindua. Mama aliyebeba mtoto mgongoni na mzigo kichwani akilazimika kuteremka kwenye lami anaweka roho mbili barabarani. Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kundi kubwa zaidi ni watembea kwa miguu. Gari likikugonga kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mara nyingi utapona. Kwa kilomita 50, ambazo ndizo kikomo cha kisheria mijini, hatari ya kufa huongezeka sana. Ndiyo maana mita moja ya kabro inapochukuliwa na viatu vya mitumba, haiwezi kuitwa jambo dogo.

Na kuna upande wa tatu usiosema sana: wenye maduka na wenye magari. Mwenye duka anataka mteja wake aegeshe mlangoni. Kaunti nayo inategemea ada ya maegesho. Kila njia ya miguu inapopanuliwa, nafasi kadhaa za kuegesha hupotea na mapato hupungua. Mtembea kwa miguu halipi ada ya kutembea, wala mwenye baiskeli halipi tozo ya mafuta, kwa hiyo kwenye vitabu vya hesabu wote wawili huonekana kama watu wasioleta kitu. Kumbe ndio wanaojaza maduka.

Mita ngapi?

Ugomvi huu wote ukiuchuja, kinachobaki ni kipimo cha futi.

Mtu mmoja akitembea huhitaji upana wa karibu sentimita 75. Kiti cha magurudumu huhitaji kama 90. Baiskeli iliyo kwenye mwendo huyumba kidogo kulia na kushoto, kwa hiyo ihesabie mita moja. Ikibeba kreti au madumu pande zote mbili, ihesabie zaidi. Ili watu wawili wapishane bila kugeuza mabega, wataalamu hupendekeza njia ya miguu iwe na mita mbili zilizo tupu kabisa, bila nguzo ya umeme wala mti katikati. Njia ya baiskeli ya upande mmoja nayo inataka mita mbili, na ya pande mbili mita tatu.

Jumlisha na mchuuzi. Turubai lake ni mita moja, yeye mwenyewe kwenye kigoda nusu mita, na mteja anayeinama kuchagua nyanya nusu mita nyingine. Hizo ni mita mbili. Ukitaka wote watatu waishi pamoja, utahitaji mita sita kila upande wa barabara. Katikati ya mji wetu hizo hazipatikani pote, ila kwenye barabara pana kama Jomo Kenyatta zinapatikana, mradi mtu awe tayari kuyapunguzia magari nafasi.

Hapo ndipo neno "njia ya pamoja" linapoingia. Njia ya pamoja ni ile ambayo mtembeaji na baiskeli hugawana eneo moja bila mstari wa kuwatenga. Wapangaji wa miji huipenda kwa sababu ni nyembamba na ni rahisi kujenga. Mita tatu, kabro, umemaliza.

Ila inafaa mahali fulani na mahali pengine haifai kabisa. Mtembeaji huenda kilomita tano kwa saa. Baiskeli huenda kumi na tano. Penye watu wachache, tofauti hiyo haina shida: kengele inalia, mtu anasogea. Penye watu wengi, mmoja kati ya wawili ataumia au atakerwa, na kwa kawaida mwenye baiskeli ndiye anayekata tamaa na kurudi kwenye lami, kama yule kijana wa soda.

> "Mita moja ya kabro inapochukuliwa na viatu vya mitumba, haiwezi kuitwa jambo dogo."

Baiskeli haina sauti

Kuna watu ambao njia ya pamoja huwatisha zaidi ya barabara yenyewe. Asiyeona huijua matatu kwa muungurumo wake, na tuktuk kwa mlio wake wa kukohoa. Baiskeli humjia kimya. Fimbo yake hugusa ukingo wa njia ili ajue alipo. Ukingo huo ukiwa umefunikwa na bidhaa, au ukiwa haupo kabisa kwa sababu njia mbili zimelazwa kwa kimo kimoja, amepoteza ramani yake. Wazee wasiosikia vizuri wako katika hali hiyo hiyo.

Dawa inajulikana. Njia ya baiskeli iwe chini kidogo ya ile ya miguu, kiasi cha upana wa vidole vitatu au vinne, ili fimbo iihisi na gurudumu lisiweze kupanda kwa bahati mbaya. Kabro za mistari ziwekwe vivukoni ili mguu ujue. Gharama yake si kubwa, lakini lazima iwe kwenye mchoro tangu mwanzo. Kuja kurekebisha baadaye ni kung'oa kila kitu.

Pikipiki ni kisa kingine. Kuzizuia gari na tuktuk zisipande kabro, mafundi husimika nguzo fupi za zege mlangoni mwa njia. Tuktuk ina upana wa karibu mita 1.3. Ukiacha mita 1.2 kati ya nguzo na nguzo, tuktuk haipiti, kiti cha magurudumu kinapita, na baiskeli yenye mzigo wa kadiri inapita. Ukiacha mita moja na nusu, umeikaribisha tuktuk. Ukiacha sentimita 80, umemfungia nje mlemavu uliyedai unamjengea.

Lakini hakuna kipimo kitakachoruhusu baiskeli na kuikataa pikipiki. Panapopita moja hupita nyingine. Mhandisi hapa amefika mwisho wa zege yake. Kinachobaki ni askari wa trafiki, faini, na vyama vya boda vyenyewe kuwabana wanachama wao. Nimeona mchoro mmoja baada ya mwingine ukilikwepa jambo hili, kana kwamba pikipiki haikualikwa na kwa hiyo haitakuja.

Kabro inapokoma ghafla

Ukifuata njia ya miguu kutoka katikati ya mji kuelekea Kondele, unakuta inabadilika njiani. Hapa pana na safi, pale nyembamba, mbele inakuwa vumbi, kisha inazuka tena. Wakazi hudhani pesa ziliisha. Mara nyingi kilichoisha ni mamlaka.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda taasisi tatu: KeNHA kwa barabara kuu za kitaifa, KURA kwa zile za mijini, KeRRA kwa za mashambani. Katiba ya 2010 ikaongeza kaunti, ambazo zina barabara zao. Mtu anayetembea kutoka Obunga au Manyatta hadi mjini huvuka mipaka ya ofisi hizi bila kujua, na kila ofisi ina mkandarasi wake, bajeti yake na tarehe zake. Barabara kuu ya kwenda Mamboleo, iliyopanuliwa kupitia Kondele, ilichorwa kwa ajili ya malori ya masafa marefu, wakati wengi wa wanaoivuka wanaenda tu kununua unga.

Na humo mitaani ndiko watu waliko. Nyalenda, Manyatta, Obunga na Bandani hufanya mkanda unaouzunguka mji, na kwa makadirio ambayo yamenukuliwa kwa miaka mingi, wakazi kama sita kwa kila kumi wa Kisumu huishi katika mitaa ya namna hii. Wao ndio wanaotembea asubuhi na jioni. Njia nzuri zaidi za miguu, hata hivyo, ziko katikati ya mji, mahali pa kupigia picha. Kutoka mlangoni pa nyumba yako Nyalenda hadi kabro ya kwanza, unaruka mitaro na kuvuka barabara ya Ring Road kwa kukimbia. Ningekuwa mimi ndiye mpangaji, ningeanzia huko na kuja ndani. Njia inayoanzia mjini na kwenda nje huishia pale pesa zinapoishia, yaani kabla ya kumfikia anayeihitaji.

Njia ya pamoja, ile ya mita tatu bila mstari, ingefaa sana kwenye viunganishi hivi vya mitaani, na kando ya ziwa kupitia Hippo Point hadi Dunga. Huko watembeaji ni wa kadiri, baiskeli za samaki zinapita alfajiri, na familia hutoka jioni kupunga upepo. Hakuna haja ya kuwatenga. Panahitajika miti na taa tu. Katika joto la Kisumu, mwembe mmoja wenye kivuli huwavuta watembeaji kuliko kabro za rangi mbili.

Eldoret ilishajaribu

Haya yote si mapya. Katika miaka ya 1990, majaribio ya njia za miguu na baiskeli yalifanywa Nairobi na Eldoret upande wa Kenya, na Morogoro na Temeke upande wa Tanzania. Waliohusika walijaribu vivuko vilivyoinuliwa kama tuta pana, njia za kando ya barabara, madaraja madogo juu ya mitaro. Wakaunda pia vikundi vya watumiaji wenyewe ili waseme wanakopita na wanakogongwa. Mafunzo yake yakakusanywa kwenye mwongozo wa Marius de Langen na Rustica Tembele, uliochapishwa mwaka 2001.

Kwa hiyo maarifa yapo hapa hapa Afrika, kwa zaidi ya miaka ishirini. Kilichokosekana ni mfuko wa kudumu. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, ambalo makao yake yako Nairobi, lilipendekeza mwaka 2016 nchi zitenge asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Sera ya Nairobi ya mwaka 2015 ilikuwa imeshasema hivyo hivyo. Kuandika asilimia ni rahisi. Kuikuta kwenye vitabu vya bajeti ni safari nyingine.

Na hata pesa za kujenga zikipatikana, nani atafagia? Kabro ikizama kwa sababu mkandarasi wa maji aliichimba, huachwa hivyo miezi. Mfuniko wa mtaro ukiibiwa, shimo hubaki wazi hadi mtu avunjike mguu. Wafadhili hupenda kuzindua. Hakuna mfadhili anayezindua ufagio.

> "Njia inayoanzia mjini na kwenda nje huishia pale pesa zinapoishia, yaani kabla ya kumfikia anayeihitaji."

Mchoreni mama mboga

Maoni yangu, baada ya kutembea njia hizi kwa miguu na kwa baiskeli ya kuazima, ni kwamba Kisumu haitashinda vita na wachuuzi wake, na haina sababu ya kuvipigana. Mji uliotokana na kubadilishana chakula hauwezi kufukuza wauza chakula ukabaki kuwa ule ule.

Kinachowezekana ni kumchora mchuuzi kwenye karatasi. Ukanda wake uwe kati ya njia ya miguu na barabara, penye miti na nguzo za taa, mahali ambapo mtembeaji hapiti hata hivyo. Uwe na upana wa mita mbili, rangi tofauti ya kabro, na safu moja tu inayotazama njia. Kwenye barabara kama Jomo Kenyatta, mita hizo zitoke kwenye maegesho. Penye ufinyu, kama Ang'awa, kusiwe na ukanda wa kuuzia, na hilo litangazwe wazi na lisimamiwe kila siku, si wiki ya wageni tu. Ushuru wa siku uandikwe namba ya nafasi, ili risiti iseme mahali ulipo na sio tu kwamba umelipa.

Nitajibiwa kwamba safu moja itazaa ya pili. Inawezekana. Lakini mchuuzi mwenye nafasi yenye namba ana sababu ya kumzuia anayekuja kujipanga mbele yake na kumfunika. Huyo ni mlinzi bora kuliko kanjo mwenye lori, na halipwi mshahara.

Njia ya baiskeli, katikati ya mji, itengwe na ya miguu. Nje ya mji, wagawane.

Kila mwaka, kwa mujibu wa sheria ya fedha za umma ya 2012, kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kati ya tarehe hizo huitishwa vikao vya maoni ya wananchi. Matangazo yake hubandikwa kwenye ofisi za wadi na kuchapishwa magazetini, na mara nyingi viti vya nyuma hubaki vitupu. Msomaji wa Kisumu, wa Nakuru, wa Eldoret, wa Kakamega: nenda, na ukifika usiulize kama njia ya miguu itajengwa. Uliza itakuwa na mita ngapi, itaanzia mtaa gani, na bajeti ya kuifagia iko ukurasa wa ngapi.